Isale la Kwenye Kopo

Mke wangu Hanna alikaa mochwari siku sita kwa sababu mimi mumewe, mwenye nyumba za kupangisha hapa Arusha kuanzia Daraja Mbili mpaka Njiro, sikuwa na mahali pa kumzika.

Usicheke. Viwanja ninavyo arobaini na kimoja, vyote vina hati, hati zina mihuri ya serikali, na nyingine zina picha yangu ya wakati nina nywele. Lakini siku ya kwanza ya msiba nilikwenda kwa wakubwa wa jiji na hati ya nyumba ninayoishi. Nikamwambia bwana aliyekaa nyuma ya meza kwamba nataka kumlaza mke wangu uani kwangu, chini ya mparachichi alioupanda mwenyewe. Akaisoma ile hati mpaka mwisho, kisha akanirudishia kwa vidole viwili.

"Pole sana, mzee. Hiki ni kiwanja cha makazi. Hapazikwi mtu."

"Si pangu?"

"Ni pako pa kuishi. Pa kuzika kuna makaburi ya jiji."

Ndivyo walivyo hawa watu. Wakitaka kodi, ardhi ni yako. Ukitaka kumlaza mkeo, ardhi ni yao.

Binti yangu Catherine alikuwa ananingoja nje, kajifunga khanga ya mama yake kiunoni. Ni mwalimu, na ana ile tabia ya walimu ya kukusubiri ukosee kwanza.

"Baba, nilikwambia asubuhi. Twende Nkoaranga kwa Baba Mkubwa. Mama mwenyewe alisema alazwe wapi, na wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Hanna alisema akiwa amelala ubavu, sauti imekwisha, tukasogeza masikio. "Nilazeni kwa Emmanuel." Basi. Hakusema lingine la maana baada ya hapo, aliomba maji tu.

Emmanuel ni mtoto wetu wa kwanza. Alifariki akiwa na miezi minane, homa ya siku mbili, tukamzika nyumbani kwenye migomba kama tunavyozika sisi watu wa mlimani. Njiro mke wangu aliitwa Mama Catherine. Lakini ukipanda naye Nkoaranga, kuanzia wauza ndizi wa barabarani mpaka wazee wa kanisa, wote walimwita Mama Emmanuel, na nilikuwa naona jinsi anavyoitikia. Anaitikia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Sasa shida ilikuwa hii: hicho kihamba, shamba la ukoo alimozikwa Emmanuel, mimi nilikiuza.

Nieleze vizuri, maana watu wanapenda kusikia nusu. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, niliishia darasa la nne. Baba yetu alikuwa na watoto wa kiume wawili. Kaka yangu Aminieli, aliyenitangulia kwa miaka saba, alipewa kihamba cha juu. Mimi nikapewa cha chini, migomba na kahawa mpaka kwenye njia ya miguu iendayo hospitali. Katikati yetu mama alipanda masale. Asiyeyajua masale, ni mimea yenye majani marefu ya kijani kama mikuki, haifi kwa jua wala kwa panga. Huku kwetu ndiyo mpaka. Na ndiyo msamaha vilevile. Ukimkosea mtu, hata kama umemwaga damu, ukamwendea na isale mkononi, hawezi kukufukuza. Isale halikataliwi. Hilo kila mtoto wa Meru na wa Kilimanjaro analijua kabla hajajua kusoma.

Mwaka tisini kahawa ikafa. Haikufa kwa ugonjwa, iliuawa na viongozi. Tulipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, tukapewa karatasi, tukaambiwa malipo ya pili yanakuja. Mpaka leo yanakuja. Nikaona nitazeeka nikichuma karatasi. Nikamtafuta muuza nyama mmoja wa Usa River aliyekuwa anataka shamba, mwenyekiti wa kijiji akapiga muhuri bila hata kuuliza mke wangu yuko wapi. Alikuwa mwenyekiti, kazi yake ilikuwa kuuliza. Angeuliza, leo nisingekuwa naandika haya.

Hanna alikuwa sokoni Tengeru na ndizi zake. Aliporudi alimkuta yule muuza nyama anatembea kwenye migomba, anahesabu mikungu. Hakupiga kelele. Alikwenda kukaa pale kwa mtoto, akakaa mpaka shemeji yake Marta, mke wa Aminieli, akaja kumkamulia ng'ombe.

"Umeuza mahali nitakapolala," aliniambia.

"Nitakununulia pazuri zaidi," nikamjibu. Wallahi nilikuwa namaanisha.

Kwa ile hela nikanunua kiwanja cha kona Daraja Mbili, nikajenga vyumba sita vya kupangisha, choo kimoja, bomba moja. Tofali nilifyatua mwenyewe, na Hanna mjamzito wa Catherine akawa anamwagilia tofali zisipasuke. Vyumba sita vikazaa kumi na vinne. Halafu nikaanza kununua mashamba Njiro wakati ule Njiro ni mahindi na mbigiri, watu wananiuliza utapanda nini kwenye udongo ule. Nikapanda kuta. Ilipokuja ile mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda, wageni wakawa wanatafuta nyumba zenye geti na maji ya moto, wanalipa kwa dola. Nilikuwa nazo nne. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nazo kumi na moja. Watu wakaanza kuniita Bwana Viwanja, na mchungaji akaanza kunitaja kwenye harambee kabla sijatoa.

Siri yangu ilikuwa ndogo sana. Unaponunua shamba la mtu wa kwetu, mpaka wake ni masale. Hana jiwe, hana ramani, ana masale aliyopanda bibi yake. Sasa mimi nilikuwa nafika na mpima asubuhi, mwenye shamba la jirani hajamaliza chai. Vijana wangu wanang'oa masale, mpima anaweka jiwe la saruji. Na jiwe linawekwa hatua moja mbele ya pale lilipokuwa isale. Hatua moja tu, ya mguu wangu. Jirani akija anaona jiwe lina namba na muhuri, anakuna kichwa, anafikiri labda alikosea yeye. Hatua moja kila upande, ukizunguka shamba la eka kumi, unapata kiwanja kizima ambacho hukukilipia.

Mtasema ni wizi. Haya. Lakini yule mpima alikuwa mtu wa serikali. Muhuri ulikuwa wa serikali. Mimi wa darasa la nne, nani alinionyesha kwamba jiwe lina nguvu kuliko isale? Ni wao. Waliona, wakanywa soda zangu, wakapiga muhuri.

Kuhusu kile kihamba cha Nkoaranga, nilikuja kusikia kwamba Aminieli amekinunua tena kutoka kwa muuza nyama. Alitoa ng'ombe wake wawili na kahawa ya misimu mitatu. Hakuniambia neno. Mimi wakati huo ningeweza kukinunua mara kumi, lakini kilikuwa cha mbali, hakina maji ya uhakika, sikuona biashara pale. Hanna aliposikia alifunga siku nzima, hakula. Nikadhani anaumwa.

Biashara nikaja kuiona mwaka elfu mbili na kumi na moja. Watalii walikuwa wanataka nyumba za kulala zinazotazama mlima, na kutoka kihamba kile, asubuhi mawingu yakifunguka, Meru yote unaiona mpaka kwenye kichwa chake kilichobomoka. Nikauliza ofisini, wakaniambia kaka yako hana karatasi yoyote, jina lililopo kwenye daftari la kijiji bado ni lako. Nikaenda na mpima, Hanna akaomba tumshushe kanisani.

Vijana waling'oa masale ya mama yangu wakayatupa njiani. Aminieli alitoka ndani na kikombe mkononi. Nilitegemea panga. Hakushika panga. Aliweka kikombe chini, akaanza kuokota yale masale moja moja, kama mtu anayeokota nguo zilizoangushwa na upepo, akayachomeka tena palepale. Mpima akanitazama. Nikamwambia piga jiwe lako.

Ile nyumba ya watalii haikujengwa. Wakubwa wa wilaya walikula changu, wakala cha mwingine, kibali hakikutoka. Jiwe la saruji likabaki pale peke yake. Mimi na kaka yangu hatukusalimiana tena miaka kumi na miwili.

Basi rudini msibani.

Siku ya pili nilikwenda kwa diwani. Siku ya tatu kwa mkubwa mmoja aliyewahi kupanga kwangu, aliyekuwa akiniita baba. Simu ya kwanza akapokea, ya pili ikawa haipatikani. Siku ya nne nilimtuma dalali wangu Saruni apande Nkoaranga, anunue kipande chochote karibu na kanisa, hata pa kuchimba shimo moja. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Boss, walikuwa wanataka kuuza watatu," aliniambia. "Wakauliza anayenunua nani. Nikasema mzee Ebenezer. Wa kwanza akafunga mlango. Wa pili akaniambia, mwambie hapa hatuna hata pa kumfungia mbuzi. Wa tatu, bibi kizee, akaniuliza kama nimekula, akanipa ndizi, akaniambia niende salama."

Siku ya tano Catherine alikuja sebuleni, waombolezaji wamejaa, akasema kwa sauti ya darasani: "Baba, Mama yuko kwenye friji. Unangoja muhuri wa nani?"

Nilikuwa naogopa. Mtu wa umri wangu kusema anaogopa ni aibu, lakini ndivyo. Nilijua kinachotakiwa. Nilitakiwa kwenda na isale. Nikamwita dereva, nikamwambia twende kwenye mashamba yangu tukakate isale moja.

Tulizunguka tangu asubuhi. Moshono, hakuna, pana ukuta. Njiro kwenye viwanja saba, ukuta, ukuta, waya, ukuta. Daraja Mbili pale nilipoanzia, saruji mpaka kwenye mfereji. Ardhi yote ile, na hapakuwa na isale hata moja, kwa sababu kila nilipofika niliyang'oa. Ningeweza kuomba kwa mtu, lakini isale la kuombea msamaha huliombi kwa jirani, utamwambia unalipeleka wapi?

Tukiwa tunarudi dereva akasimama pembeni ya barabara kwenye wauza maua. "Mzee, si hili hapa?" Lilikuwa lenyewe, limepandwa kwenye kopo la rangi, limepulizwa maji linang'aa. Kijana muuzaji akaniambia linafaa sana kwa ofisi.

Nikalinunua. Ninyi mngefanyaje?

Siku ya sita tulipanda, mimi, Catherine na dereva. Gari liliishia kwenye kanisa, kule ndani ni njia ya miguu, imesimama kama ngazi. Nilibeba kopo langu kifuani. Nilipumzika mara tatu. Akina mama waliokuwa wanashuka na majani ya ng'ombe walinisalimia shikamoo, halafu wakaliona kopo, wakatazamana.

Uani kwa Aminieli walikuwepo watu kama ishirini, wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, sufuria zipo mekoni. Sikushangaa wakati ule kwa nini kuna mabenchi na sufuria. Akili yangu ilikuwa kwenye kopo.

Aliyeanza ni mzee Naftali, jirani, mtu wa mdomo tangu utoto wetu.

"Ee, Ebenezer! Leo mbona hujaja na mpima?"

Watu wakainama kuficha vicheko.

"Au ndiye huyo?" akasema Naftali. "Siku hizi wapima wanakuja kwenye makopo?"

"Naftali, mwache mtu apumue," Marta akasema kutoka jikoni. Alikuja akanipa kigoda. "Pole, shemeji. Kaa." Akamkumbatia Catherine, wakalia wote wawili, mimi nimesimama na kopo.

Aminieli alikuwa amekaa mlangoni. Amezeeka, masikio yamekuwa makubwa. Nikamwendea.

"Shikamoo, kaka."

Alinitazama. Marahaba haikuja. Nikaona bora niseme lote kwa mara moja.

"Kaka, nimekukosea. Niliuza, nikarudi tena na mawe. Nimekuja na isale kama walivyotufundisha wazee. Naomba mahali pa kumlaza Hanna. Pale kwa mtoto. Sina pengine."

Nikaweka kopo miguuni pake. Aminieli akainama, akalizungusha lile kopo polepole, akasoma maandishi ya kampuni ya rangi, akagusa jani.

"Hili umelitoa mpaka gani?"

"Nimelinunua."

"Umelinunua," akasema. Hakucheka, na Naftali safari hii naye hakucheka. "Mdogo wangu, isale halikataliwi. Lakini hili halijawahi kusimama mpakani. Halijui nani ni jirani ya nani. Halijaona mtu anagombana wala anapatana. Limeona maji ya mpira tu. Sasa litaniomba msamaha kwa niaba ya nani?"

Nikakaa kwenye kile kigoda. Nikasema, "Basi Hanna atalala kwenye makaburi ya jiji, na wageni."

"Hanna?" Aminieli akageuka kumtazama Catherine, kisha akanirudia mimi. "Nani kakwambia Hanna hana mahali? Inuka. Njoo."

Nikamfuata kwenye migomba. Pale chini, pembeni ya kile kilima kidogo cha mawe alichowekewa Emmanuel, kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kingo zake zimekatwa vizuri, udongo umerundikwa upande mmoja, na umeshaanza kukauka juu.

"Tangu juzi," Aminieli akasema. "Vijana walimaliza juzi. Tunakungoja wewe."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie nini? Mke ni wako. Njia unaijua."

Halafu akanieleza, amesimama ameegemea mgomba, hanitazami. Mwaka ule niliokuja na mpima, wiki mbili baadaye, Hanna alikuja peke yake. Alitembea kutoka barabara kuu, mbali kote kule, hakupanda gari. Mkononi alikuwa na isale. Lilikuwa moja ya yale ya mama, lililotupwa njiani na vijana wangu. Alikuwa ameliokota siku ileile akalificha.

Mimi nikakumbuka. Nilikuwa nimeliona. Lilikuwa kwenye ndoo nyuma ya jiko letu Njiro, nikamwuliza hilo nini, akasema ua tu. Nikamwambia aliweke mahali lisizibe njia ya gari.

"Alipiga magoti pale mlangoni," Aminieli akasema. "Mke wa mdogo wangu, mtu mzima, kanisa zima linamheshimu. Akaomba alale kwa mwanawe. Isale lile hapo, tulilipanda siku ileile. Umeona lilivyokua?"

Lilikuwa limekua refu kuliko mimi, limetoa matawi matatu.

"Nikamwuliza, na mumeo? Humwombei mumeo?" Akachuna jani kavu la mgomba. "Akaniambia, mume wangu ana miguu."

Miaka kumi na miwili. Kila mwezi alikuwa anapanda Nkoaranga, ananiambia anakwenda kwenye kikundi cha akina mama, na mimi namwambia dereva amshushe kanisani arudi haraka, kuna wapangaji wa kuonyeshwa nyumba. Alikuwa anakuja kukaa hapa. Anapika na Marta loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa, wanakula kwenye bakuli moja, anapalilia pale kwa mtoto, anarudi Njiro kucha zina udongo. Mimi nikamwajiria mtu wa bustani ili asijichafue.

Hakuniambia hata siku moja. Alikuwa ananingoja nikumbuke miguu.

Tulimzika kesho yake saa nane. Mchungaji alisema maneno mazuri, kwaya iliimba, mkubwa yule aliyekuwa akiniita baba alituma shada kubwa la maua ya plastiki. Waliposhusha jeneza nikawa nimesimama upande wa masale, na macho yangu, kwa mazoea ya miaka thelathini, yakaanza kupima. Kutoka ukingo wa kaburi la Hanna mpaka kwenye isale lake ilibaki hatua moja. Hatua moja na kidogo. Panamtosha mtu.

"Eben," Aminieli akaninong'oneza bila kugeuza shingo. "Usipime."

Watu walipokwisha kutawanyika nikamwuliza. Sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Na mimi, kaka? Siku yangu?"

Akalichukua lile kopo, maana lilikuwa bado pale mlangoni, kuku ameshaliparua, akaniwekea mikononi.

"Lipande. Lipande mpakani, lakini mpaka wa kweli, Eben, siyo mpaka wa jiwe. Likae, mvua ilinyeshee, jirani yako alione aseme ndiyo, hapa ndipo. Halafu ukate tawi lake uniletee. Kwa miguu. Nikiwa hai nitalipokea. Nikifa, utampa mwanangu."

Nilirudi nalo Njiro.

Imepita miezi mitano sasa. Nyumba ina vyumba saba na mimi nalala kwenye kochi. Nilidhani ni kazi ndogo, kupanda mmea mmoja. Nikatoa hati zangu zote kabatini, nikazitandaza sakafuni, nikaanza kutafuta mpaka mmoja ambao sikuusogeza. Mmoja tu, kati ya viwanja arobaini na kimoja. Moshono nilisogeza pande zote nne. Kile kiwanja cha kando ya barabara nilisogeza pande mbili, wa tatu ni mto na wa nne ni barabara. Nikasema angalau Daraja Mbili, kiwanja changu cha kwanza, nilikuwa bado mtu mwema. Lakini nikakumbuka yule mjane Namnyaki aliyekuwa jirani, na mfereji wake ambao leo uko chini ya choo changu.

Na hapa ninapoishi, ukuta wa upande wa mashariki umesimama hatua moja ndani ya kiwanja cha Reginald, Mchaga mmoja muuza vifaa vya ujenzi, mtu mpole, ambaye saruji ya ukuta huo niliinunua dukani kwake.

Nikaona basi nianze na huo. Nikaenda ofisi ya ardhi, kwa njia ya halali, nikamwambia kijana wa dirishani nataka kupunguza kiwanja changu kwa hatua moja, nimrudishie jirani. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita mwenzake, nikarudia tena.

"Mzee, fomu ya kuongeza eneo ipo," akasema. "Ya kuuza ipo. Ya kurudisha haipo."

"Kwa nini haipo?"

"Hajawahi kuja mtu. Jaribu kurudi Jumatatu, mkubwa atakuwepo."

Nimerudi Jumatatu tisa. Mkubwa yuko semina, mkubwa yuko Dodoma, mkubwa amehamishwa. Sasa niambieni kama nchi hii haijaoza. Wakati nachukua, walinisindikiza na soda mkononi. Wakati narudisha, hawana karatasi.

Jana Catherine alikuja na uji, akanikuta navaa viatu vya kwenda ofisini. Akatazama kopo kwenye baraza. Limekuwa dogo kwa mmea ule. Mzizi mmoja mweupe umetoboa chini, umeteremka ngazi ya kwanza, unatafuta udongo kwenye marumaru.

"Baba," akasema. "Ule ukuta, wakati unaujenga, ulijaza fomu?"

Aliweka uji mezani akaondoka kwenda shule.

Nimelibeba kopo nikaliweka chini ya ukuta wa mashariki. Nyundo kubwa niliyoanzia Daraja Mbili bado iko stoo, mpini wake umekaza. Kutoka upande wa pili namsikia Reginald anamwagilia mchicha wake, anaimba pambio, hajui kitu. Nimekaa hapa kwenye kigoda tangu asubuhi, nyundo iko magotini, na kila nikitaka kumwita, naanza tena kuhesabu tofali za ukuta.